Kabla ya kumnunua mtoto wa mbwa, dai kumwona mama yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie biashara ambayo imeota mizizi hapa Mwanza huku sisi wakazi tukiitazama kwa jicho moja, nayo ni uzalishaji wa mbwa kwa ajili ya kuuza. Kadiri mji unavyotanuka kuelekea Buhongwa, Kiseke, Kisesa na hata Usagara, nyumba mpya huzungushiwa ukuta, ukuta huwekewa geti, na kwenye geti hupakwa maandishi ya "Mbwa Mkali" miezi kadhaa kabla mbwa mwenyewe hajapatikana. Hitaji hilo limezaa wauzaji wa kila namna. Watoto wa mbwa wanauzwa kwa picha za simu, wanapokelewa stendi kama mzigo wa dagaa, na anayewanunua huwa hajui walizaliwa wapi, na mama gani, wala wamekula nini tangu wazaliwe.

Nasema haya kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa wanunuzi hao. Baada ya wezi kuingia nyumbani kwangu msimu wa mvua uliopita na kuondoka na pampu ya maji na mtungi wa gesi, wanangu walinishauri nitafute mbwa, na jirani akanipatia namba ya kijana aliyekuwa na "Jemani halisi wa miezi miwili", yaani German Shepherd. Tulipatana shilingi 150,000. Nilipouliza kama naweza kwenda kumchagua mwenyewe, alinijibu kwa upole kwamba kwake ni mbali na njia ni mbovu, hivyo atanirahisishia kwa kumtuma bodaboda. Mtoto yule alinifikia ndani ya boksi la biskuti lililotobolewa matundu mawili kwa bisibisi. Alikuwa na tumbo la duara ambalo mimi, niliyefundisha baiolojia sekondari kwa miaka 31, nililichukulia kuwa ni dalili ya kushiba. Wahenga walituonya kuhusu kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nadhani hawakulifikiria boksi.

Siku ya tatu alianza kutapika. Siku ya nne alihara damu yenye harufu ambayo mtu akiinusa mara moja hawezi kuisahau. Daktari wa mifugo niliyemwita alimfungua mdomo, akanionyesha kwamba meno ya utotoni yalikuwa bado hayajatimia, akaniambia kwamba mtoto huyo hakuwa na zaidi ya wiki tano, kwamba tumbo lile lilikuwa limejaa minyoo, na kwamba alichonacho ni parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia matumbo ya mbwa. Alimtundikia maji na kumchoma dawa za kuzuia kutapika, kwa kuwa hakuna dawa inayokiua kirusi chenyewe, na kazi yote ya tiba ni kumsaidia mnyama asikaukiwe maji mpaka mwili wake ujitetee. Huyu hakuwa na mwili wa kujitetea. Alikufa siku ya sita, na mjukuu wangu wa miaka minane ndiye aliyemkuta.

Simu ya muuzaji ilikuwa haipatikani. Kwa ubishi wa kizee nilimtafuta yule bodaboda aliyeleta boksi, naye, baada ya kusitasita, alikubali kunipeleka alikolichukua. Sitautaja mtaa huo wala mwenye eneo, kwa sababu sikuandika barua hii ili kumshtaki mtu mmoja, na nimeambiwa na wanaojua kwamba maeneo ya aina hiyo si mawili wala matatu. Nilikuta majike tisa kwenye vizimba vilivyopigwa kwa mbao za paleti na wavu wa kuku, kila kimoja kikiwa na upana ambao mbwa mkubwa anaweza kugeuka lakini hawezi kutembea. Chakula kilikuwa pumba iliyochemshwa na mapanki ya sangara, kikiwa kwenye nusu ya dumu la mafuta. Mmoja wa majike, ambaye niliambiwa ndiye mama wa yule wangu, alikuwa na chuchu zilizoning'inia karibu kugusa sakafu, manyoya yamemtoka kiunoni, na masikio yamejaa kupe mithili ya zabibu. Hakunibwekea. Mbwa ambaye habwekei mgeni anayeingia uani kwake ni mbwa aliyekwisha kata tamaa, na huyo ndiye ambaye watoto wake huuzwa kwa sifa ya ukali.

Mwenye eneo hakuwa mtu katili, na jambo hilo ndilo lililonifikirisha zaidi. Alinikaribisha kiti, akanipa pole, akanieleza kwa utulivu kabisa kwamba biashara yake ni kama ya kuku wa nyama: vifo vipo, hasara ipo, na anayewahi kuuza ndiye anayepata. Akaniambia kuwa anawatoa wakiwa na wiki nne au tano kwa sababu kuanzia hapo wanaanza kula sana, na kwamba mteja mwenyewe humpenda mtoto mdogo kwa kuwa anapendeza kwenye picha. Kwa maneno mengine, alikuwa akitupa kile tulichokiagiza.

Ningependa kulijibu jambo la kuku, kwa sababu nimelisikia tena kwa watu wengine. Kifaranga huanguliwa akiwa na manyoya, macho yake yakiona, na ndani ya siku moja anadonoa mwenyewe. Ndiyo maana anaweza kusafirishwa kwenye trei kutoka Dar es Salaam hadi huku bila mama na akaishi. Mtoto wa mbwa huzaliwa kipofu na kiziwi baada ya mimba ya siku 63 hivi, na macho yake hufunguka baina ya siku ya 10 na ya 14. Karibu kinga yake yote ya kwanza huipata kwenye maziwa ya mwanzo ya mama, na ikiwa mama hakuchanjwa, hana kinga ya kutosha ya kumgawia. Kuanzia wiki ya tatu hadi kama ya 12 au ya 14 ndipo ubongo wake hujifunza dunia ni kitu gani: sauti ya pikipiki, harufu ya binadamu, mtoto anayekimbia, mbwa mwenzake anayemwambia kwa kumng'ata kidogo kwamba mchezo umezidi. Anayetolewa kwa mama na ndugu zake katika wiki ya tano hulikosa somo la mwisho, na aliyekulia kizimbani gizani huyakosa yote. Akiwa mkubwa huogopa kila kitu, na mbwa mwoga ndiye mng'ataji, kwa kuwa hang'ati kwa kulinda bali kwa kujihami, na mara nyingi huanza na watoto wa nyumba hiyohiyo.

Kwa upande wa mama, jike huingia kwenye joto kama mara mbili kwa mwaka. Mwenye vizimba humpandisha kila joto, bila kumwacha mwili wake urudishe madini na damu iliyotumika kujenga na kunyonyesha uzao uliopita. Kila watoto sita au wanane wanaonyonya huchota kalsiamu kwenye mwili wa mama yao, na akiwa analishwa pumba hana pa kuirudishia, hivyo wapo majike wanaoishia kutetemeka, kukakamaa na kufa wakiwa wananyonyesha. Na dume likiwa moja kwa majike tisa, na baadhi ya majike hayo yakiwa ni mabinti zake, hesabu ya urithi tuliyokuwa tukiifundisha kidato cha nne inatosha kueleza kwa nini watoto wanazaliwa na nyonga zilizolegea. Ugonjwa huo wa nyonga unajulikana sana kwa German Shepherd na Rottweiler hata wakizalishwa kwa uangalifu, sembuse kwa namna hii.

Jina la mbegu, kwa hakika, ndilo linalotupofusha wanunuzi. Mtu akiambiwa "Boerboel", yule mbwa mkubwa wa ulinzi wa Afrika Kusini, au "Jemani", haulizi tena swali jingine. Nimemwona mzee mwenzangu akimfuga Husky, mbwa aliyeumbiwa kuvuta sledi kwenye theluji ya Siberia, chini ya bati, kwenye joto letu la adhuhuri, mnyama akihema ulimi nje kutwa nzima kama aliyekimbizwa. Nilipomuuliza sababu alinijibu kwamba macho yake ni ya bluu. Huku mbwa wetu wa kawaida, tunayemwita koko kwa kumdharau, amekwisha chujwa na jua, kupe na njaa kwa vizazi visivyohesabika, naye hubweka geti likiguswa bila kudai kiyoyozi.

Ununuzi usio na fikra hauishii kwenye malipo. Yule mtoto anayependeza kwenye picha, baada ya miezi minane ni mnyama wa kilo 30 anayehitaji kula kila siku, kuchanjwa kila mwaka, kuogeshwa dawa ya kupe na kutembezwa. Wengi hulishwa ugali mtupu, au nyama tupu isiyo na mifupa wala madini kwa wale wenye uwezo, na vyote viwili hupinda miguu ya mbwa anayekua haraka. Wengine hufungwa mnyororo wa mita moja na nusu tangu asubuhi hadi usiku mpaka shingo ikachubuka. Jike akipata joto la kwanza na madume ya mtaa mzima yakajipanga getini, mwenye nyumba huona aibu, na suluhisho lake huwa ni kumpakia kwenye gari na kumwacha karibu na mwalo wa Kirumba, ambako anaamini mbwa hakosi vichwa vya samaki. Mtumishi akipata uhamisho kwenda Dodoma, kochi na jokofu hupakiwa, mbwa huachiwa geti wazi. Msimu unaofuata tunalalamika kwamba mbwa wazururaji wamekuwa wengi, na tunadai wapigwe risasi au wawekewe sumu.

Hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa la huruma kwa wanyama peke yake na kuwa la afya zetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote wakiwa Afrika na Asia, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Kwa Tanzania makadirio yanayotajwa kwa muda mrefu ni takriban vifo 1,500 kwa mwaka. Katika kila watu kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza hakuna cha kufanya isipokuwa kusubiri kifo, na kinga iliyopo ni kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 na kukimbilia hospitali kupata chanjo, ambayo kwa familia ya mvuvi wa Ukerewe inamaanisha kwanza kivuko, kisha nauli, kisha fedha za sindano kadhaa. Njia ya nafuu inajulikana: wataalamu wanasema mbwa wakichanjwa kufikia asilimia 70 katika eneo, mnyororo wa maambukizi hukatika. Lakini hesabu hiyo haiwezi kutimia mahali ambapo kila miezi sita mbwa wapya wasio na chanjo wanamiminwa mitaani kutoka vizimbani.

Wasomaji wa Kanda ya Ziwa wanao ushahidi mwingine wa karibu. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao ni wa mbwa, uliingia Serengeti na kuua takriban theluthi moja ya simba wa hifadhi ile, yaani kama simba 1,000, na watafiti waliuhusisha na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Walikuwa mbwa wa kawaida tu, wasiochanjwa, na kirusi kikaondoka kwao kikaenda kwa simba. Hilo lilitokea kabla ya kuwapo mtu wa kumweka mtoto wa mbwa kwenye boksi na kumvusha kwa basi mikoa mitatu kwa siku moja.

Kuhusu parvo, ambayo iligunduliwa mwaka 1978 na kusambaa duniani ndani ya miaka michache, daktari aliniambia kwamba kirusi chake kinaweza kukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, hata kufikia mwaka, na kwamba sabuni ya kawaida haikiui. Nilimwaga dawa ya klorini sakafuni, lakini bustani siwezi kuimwagia. Kwa hiyo aliyeniuzia mtoto mmoja aliniuzia na uwanja wenye ugonjwa, na kila mtoto wa mbwa asiyechanjwa atakayepita hapo atakuwa mashakani. Hasara hiyo haikuwamo kwenye zile shilingi 150,000.

Sheria hatujaikosa. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili na kumtaka mwenye mnyama ampatie chakula, maji, mahali panapofaa na matibabu, wala haiwatengi mbwa. Wenzetu wa England walikwenda hatua moja mbele. Tangu Aprili 6, 2020 hairuhusiwi kule mfanyabiashara kuuza mtoto wa mbwa au wa paka wa chini ya miezi sita asiyemzalisha yeye mwenyewe, na mnunuzi anatakiwa amwone mtoto akiwa na mama yake mahali alipozaliwa. Sheria hiyo inaitwa kwa jina la Lucy, jike aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka kwenye shamba la kuzalishia mbwa huko Wales akiwa na mgongo uliopinda kwa kukaa kizimbani. Ufaransa nayo, kuanzia Januari 1, 2024, ilipiga marufuku kuuza mbwa na paka madukani, na mnunuzi hutia saini hati ya kueleza kwamba anaelewa mahitaji ya mnyama, kisha husubiri siku saba kabla ya kukabidhiwa. Sisemi tunakili sheria za watu wenye hali tofauti na yetu. Ninachokiona ni kwamba katika yote hayo, sharti la kumwona mama halihitaji bajeti, maabara wala bunge. Mnunuzi anaweza kulitekeleza kesho asubuhi.

Mama ndiye cheti. Akiwa mnene wa wastani, manyoya yake yanang'aa, anakuja kukunusa na kurudi kwa wanawe, umekwisha kujua mengi kuhusu hali ya kinga yao, chakula chao na tabia watakayokuwa nayo. Akiwa ni yule niliyemkuta mimi, utajua pia. Na ukiambiwa mama yuko mbali, au amekufa, au njia ni mbovu, basi ufunge pochi yako, hata kama moyo unakuambia umwokoe huyo mtoto aliyeko kwenye boksi. Najua neno hilo ni gumu, maana binti yangu aliniambia ni la kikatili. Lakini fedha unayolipa kumwokoa huyo mmoja ndiyo inayolipia kupandishwa kwa mama yake mwezi ujao.

Nimeambiwa pia kwamba hawa ni vijana waliojiajiri na tusiwakatishe tamaa. Hoja hiyo naiheshimu, kwani waliopita darasani kwangu na kukosa kazi ni wengi. Ila najua mama mmoja upande wa Ilemela, muuguzi mstaafu, ambaye ana majike wawili, humzalisha kila mmoja mara moja kwa mwaka au asimzalishe kabisa, huwapa watoto dawa ya minyoo na chanjo ya kwanza kabla ya kuwatoa wakiwa na wiki nane, na huuza kwa karibu mara mbili ya bei niliyolipa mimi. Ana orodha ya wanaosubiri. Nilipomwendea baada ya msiba wangu, alinihoji kana kwamba nimekwenda kuposa: ukuta wangu una urefu gani, nani atabaki nyumbani nikisafiri, mbwa atalala wapi mvua ikinyesha. Nilipomweleza habari za parvo alikataa kata kata kuniuzia hadi mwaka upite, akanishauri, kama nina haja ya haraka, nimchukue mbwa mzima aliyekwisha chanjwa. Nimemchukua koko wa miaka mitatu kwa jirani aliyehamia Geita. Hana jina la kizungu, na tangu aje pampu mpya bado ipo.

Ombi langu kwa Halmashauri ya Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela ni dogo. Maofisa mifugo wa kata huzunguka kuchanja mbwa, hasa karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Wakiwa na daftari lao la chanjo mkononi, waongeze safu moja ya kuandika ni majike wangapi wanaozalishwa katika kila nyumba, na kila atakayekutwa na zaidi ya watatu atembelewe na daktari wa mifugo na kupewa masharti ya maandishi kuhusu ukubwa wa banda, chanjo, mapumziko ya jike baada ya kuzaa na umri wa kuwatoa watoto. Sheria ndogo za halmashauri zinaweza kubeba masharti hayo bila kungoja Dodoma. Wenyeviti wa mitaa wanawajua wenye vizimba, kwa sababu kelele na harufu havifichiki, na mimi niko tayari kumpeleka ofisa yeyote nilikopelekwa na bodaboda.

Mwalimu mstaafu,
Buhongwa, Mwanza.